Ringi Nilizomkatia Mume Wangu

Mume wangu alikuja Kyela na kampuni ya ujenzi wa barabara, akiwa fundi wa mitambo. Barabara ilipokwisha wenzake walihamia mikoa mingine, yeye akabaki. Watu walimtania kwamba kilichombakiza ni mchele wetu. Kilichombakiza nilikuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani, nina kibaraza karibu na soko. Aliniletea ovaroli lake niweke viraka viwikoni, akakaa kwenye benchi kusubiri. Nilikuwa nakata kola ya shati la mteja mwingine. Nilipoweka mkasi chini akaniuliza, "Dada, unaweza kunikatia kitu ambacho si kitambaa?"

Kesho yake akaja na mkanda wa plastiki ngumu ya kahawia, umeviringishwa kama futi yangu ya kupimia. Akanieleza taratibu. Ndani ya jeki ya trekta au ya kijiko cha kuchimbia udongo kuna pistoni inayokwenda na kurudi katika silinda, ikisukumwa na mafuta. Sili ya kuzuia mafuta kila mtu anaijua, kwa sababu ikichoka mafuta yanavuja na hata mtoto anaona. Lakini jirani na sili kuna ringi nyingine, ya kuongozea, inayokatwa kutoka kwenye mkanda ule. Hiyo haizuii mafuta. Inaibeba pistoni isilalie upande mmoja pale mzigo unapovuta vibaya, ili chuma kisikwaruzane na chuma.

"Na yenyewe haikwaruziki?" nikauliza.

"Inalika. Imetengenezwa laini makusudi ilike yenyewe, silinda ipone. Ikiisha unatoa, unaweka nyingine."

Shida yake ilikuwa kukata. Ncha zinakatwa mshazari, na ringi ikishazunguka pistoni lazima ibaki nafasi ndogo kati ya ncha na ncha, kwa sababu mafuta yakipata moto ringi inavimba. Ukibana mno, itakwama. Ukiacha pengo kubwa, pistoni inacheza. Yeye alikuwa anapoteza mkanda kwa kukata na kurudia. Mimi nilipima mara moja, nikakata, akaivisha kwenye pistoni aliyokuja nayo ndani ya gunia. Akaizungusha, akacheka peke yake. Ovaroli akalisahau kwangu, akalazimika kulirudia.

Tulifunga ndoa kanisani kwetu Njisi. Baba yangu alihangaika sana na suala la Upareni alikotoka mchumba wangu, ni wapi huko, na nikifa nitazikwa wapi. Mume wangu alimjibu kwa Kinyakyusa kibovu hadi wajomba wakacheka, mambo yakaisha. Mimi Kipare sikujifunza. Tulikuwa na Kiswahili, kilitutosha.

Tukafungua karakana pembeni mwa mji. Upande mmoja jiliwa lake la kubania vyuma, upande wa pili cherehani yangu, lakini miaka ilivyokwenda cherehani ikawa ya kuwekea vikombe vya chai. Yalikuja matrekta ya mashamba ya mpunga ya Busale, tipa za mchanga, vijiko. Kuna mashine ya kukoboa iliyotuletea silinda za upepo, ambazo hazina mafuta ya kuzilainisha, nazo zinataka mkanda wa aina nyingine, unaoteleza kama sabuni. Yeye alifungua, akaosha, akaingiza vidole ndani ya silinda kutafuta mkwaruzo. Mimi nilipima na kukata. Hakufunga silinda hata moja kabla sijaja kuweka ringi kwa mkono wangu.

"Mama, njoo uvishe!" ndivyo alivyoniita, na wateja walifurahi kumwambia kwamba yeye anafunga ndoa kila siku.

Kilichotupata kilianza nilipokwenda Matema kumuuguza dada yangu. Kabla ya kuondoka nilikata ringi za jeki ya trekta ya mkulima mmoja wa Busale, nikamwachia mume wangu mezani. Nilipokuwa huko aliifunga mwenyewe. Haikupita wiki mkulima akarudi, katikati ya msimu wa kulima. Nami nilikuwa nimesharejea.

"Mzee, umenifanya nini?" alikuja juu. "Inagonga, inalala upande. Ona fimbo ya pistoni ilivyochunika!"

Nikaifungua. Sili zilikuwa mpya, zimekaa vizuri. Mifereji ya ringi ilikuwa mitupu. Pistoni ilikuwa imechimba ukuta wa silinda kama kucha.

"Baba," nikamwambia mume wangu polepole, mteja asisikie, "hukuweka ringi."

"Niliweka."

"Angalia basi."

Aliangalia muda mrefu. Ringi nikazikuta kwenye mfuko wa shati lake. Nilipompa mkononi akazigeuza huku na huku, akanitazama.

"Hizi ni za nini?"

Nilidhani ananitania. Nikasubiri acheke. Alikuwa ananisubiri nimjibu.

Mkulima yule alikuwa amekuja na hasira zake zote, lakini alipolisikia swali lile akakaa chini. Akasema nitengeneze taratibu, ataazima trekta kwa jirani.

Nilimpeleka Mbeya, daktari akatuambia ni ugonjwa wa kusahau, ubongo unachakaa kidogo kidogo, na dawa zipo za kuchelewesha tu. Mume wangu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza kama gari lake limeshapona.

Lugha zake zikaanza kuondoka. Kinyakyusa kilitangulia, na hicho hatukukilalamikia sana. Kisha Kiswahili. Aliita kikombe "kile", akaniita "yule", baadaye hata hayo hayakuwepo. Kilichobaki ni Kipare cha utotoni kwake. Alikiongea kwa raha, maneno marefu, anasimama katikati ili nimjibu. Nilikuwa namwambia ndiyo. Sijui ni mambo gani niliyoyakubali.

Siku moja waliniletea jeki ya kijiko kilichokuwa kinaondoa udongo ulioporomoka kwenye barabara ya Matema. Kazi nilikuwa naifanya peke yangu wakati huo, yeye anakaa kwenye kiti chake mlangoni. Nikaosha, nikabadilisha sili. Nilipoinua pistoni niirudishe, aliinuka, akaja, akaziba mdomo wa silinda kwa viganja vyake viwili. Akasema maneno. Nikajaribu kumtoa mikono, akakaza.

Nikampigia simu wifi yangu, dada yake, aliyeko Same. Nikaweka sauti kubwa wakaongea.

"Anasema usifunge," wifi akanieleza.

"Kwa nini?"

"Anasema mwenye kuvisha hajafika. Ni mke wake, fundi cherehani. Anakuja sasa hivi."

"Wifi, mwambie ndiye mimi."

Akamwambia. Mume wangu akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa heshima, kama mtu anayeogopa kumuudhi mgeni. Akatikisa kichwa, akajibu kwa upole.

"Amesema nini, wifi?"

"Acha tu."

"Niambie."

"Anasema wewe ni mama mtu mzima. Mke wake ni binti."

Nilichukua mkanda, nikapima, nikakata mbele yake. Alitazama mkasi. Nilipoivisha ringi akaigusa kwa kucha, akapima pengo kwa jicho, akaitikia kwa kichwa, ameridhika na kazi. Lakini mikono hakuitoa. Ikabidi tusimame pale pamoja, tunamngojea huyo binti, mpaka alipochoka, nikamrudisha kwenye kiti. Aliposinzia nikafunga silinda. Waliokuja kuichukua jeki walinikuta uani nalia, wakaniuliza kama nimeumia mkono.

Baada ya hapo akaanza kuondoka nyumbani. Tulimkuta njia ya Njisi, tukamkuta tena ukingoni mwa mto, amevua viatu, anataka kuvuka. Nilikuwa nafunga geti kama nimefuga ng'ombe. Wifi akaja na shemeji yangu. Watoto wetu walikuja, tukakaa sebuleni. Shemeji akasema, "Shemeji, kule kwetu akiongea atajibiwa." Nikainuka kwenda kumkunjia nguo zake.

Walimchukua asubuhi. Alikuwa mchangamfu, amevaa koti, anasimulia jambo na ndugu zake wanacheka kwa kweli, si kama mimi nilivyokuwa nacheka. Mlangoni mwa gari akageuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ndaga fijo," akaniambia.

Asante sana. Sijui aliitoa wapi, Kinyakyusa kilikuwa kimemtoka siku nyingi. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru mwenyeji aliyemlaza vizuri.

"Karibu tena," nikamjibu.

Alifia kule milimani kwao kabla mwaka haujaisha, usingizini. Nilisafiri na watoto. Msibani watu walimlilia kwa lugha yake, wanawake wakanishika mabega wakaniambia mambo mazuri ambayo wifi alichoka kunitafsiria. Walinipa heshima zote za mke. Na bado nilikaa kwenye mkeka ule kama mtu aliyekosea nyumba, nikitamani mmoja tu wa kumwambia kwamba huyu mtu alikuwa akicheka peke yake kazi ikimpendeza.

Watoto walirudi makazini kwao kutokea huko huko. Mimi nikashuka Uyole, njia panda ya kuja kwetu, nikakaa kwenye benchi kusubiri gari la Kyela. Mama mmoja mwenye kapu akaketi pembeni yangu.

"Ugonile," akanisalimu kwa Kinyakyusa.

Nilifungua mdomo kuitikia. Machozi ndiyo yaliyotoka, yale ambayo Same hayakuwa yametoka vizuri. Mama yule hakushtuka.

"Umefiwa na nani?"

"Mume wangu."

Akachukua begi langu akaliweka juu ya kapu lake. Gari lilipofika aliniingiza kwanza, akaketi nami. Njia nzima, kupitia Tukuyu mpaka tunateremka Kyela kwenye joto, alikuwa ananisimulia kwa Kinyakyusa, kakao yake iliyopata ugonjwa, magoti yake, mkwe wake mvivu. Hakutaka nijibu. Mimi nililia nikimsikiliza, na nilielewa kila neno.