Funda la Maji

Wauguzi wa kituo kile cha afya walimwita Majibu, naye alilijua jina hilo na hakulichukia. Mgonjwa akianza, "Daktari, nikiamka asubuhi kichwa…" yeye alikwisha kumalizia: "kinagonga upande mmoja, na mwanga unakuumiza." Mara nyingi alipatia. Watu walitoka chumbani mwake wakitikisa vichwa kama waliotoka kwa mpiga ramli, na foleni ya korido ilikwisha kabla jua halijafika kwenye dirisha la maabara.

Alikuwa bado mchanga kazini. Tangu chuoni alibeba hamu moja ambayo hakumwambia mtu: siku moja akae chumba kimoja na daktari mdogo kuliko yeye, asogee kidogo kwenye benchi, ampishe. Kwa hiyo walipotafutwa madaktari vijana wa kufundishwa ualimu, alijiandikisha wa kwanza. Masomo yalikuwa Jumamosi, ghorofani juu ya duka la dawa, katika chumba chenye feni iliyozunguka kwa uvivu kama inayowaza mambo yake. Mwalimu wao alikuwa daktari mstaafu wa sauti ya chini mno, hata ilibidi wote wainame mbele kumsikia. Ilichukua muda kugundua kwamba alifanya makusudi.

Kisha akapewa mwanafunzi. Alikuwa binti mwembamba aliyetoka chuo juzi tu, mwenye desturi ya kutazama mikono ya mgonjwa kabla ya kusema neno. Wauguzi hawakukawia, huyu wakamwita Polepole.

Majibu alimpenda siku ile ile. Na kwa kumpenda, alimfundisha bila kupumua. Binti akiinua kipimo cha moyo, Majibu alimwelekeza pa kukiweka. Akifungua mdomo kuuliza, swali lilikuwa limeshaulizwa. Jioni Majibu alirudi nyumbani sauti imemkauka, moyo umejaa, akidhani huo ndio ualimu.

Jumamosi moja mzee alimwita dirishani wenzake walipokuwa wakikunja viti.

"Binti yangu, mwanafunzi wako ameomba kuhamishwa."

"Amesemaje?"

"Anasema unajua kila kitu. Anasema akibaki kwako naye atajua kila kitu, na hataweza kufanya chochote." Mzee akakohoa kidogo. "Nimemwomba avumilie wiki moja zaidi. Baada ya hapo atachagua mwenyewe."

"Nifanye nini, mzee?"

"Akiwa na mgonjwa, chukua funda la maji. Usiliteme, usilimeze. Limeze tu ukiona mgonjwa ataumia."

Alidhani anataniwa. Mzee hakucheka.

Nyumbani walicheka kwa niaba ya mzee. Mumewe, dereva wa gari la maziwa, aliweka kijiko chini. "Funda la maji! Na huku kwetu huyo mwalimu hatoi dozi?"

"Funda halitamtosha huyu," mama mkwe akasema bila kuinua macho kwenye sahani. "Mpeni ndoo."

Mchana ule alijilaza kwenye kochi, dirisha wazi, akaota yumo ndani ya kituo cha afya kilichojaa maji hadi dari. Wagonjwa walipita wakielea, midomo inafunguka, na kila neno lilitoka kama povu na kupanda juu taratibu. Hakuna aliyekuwa na haraka. Aliinua mkono kukamata povu moja, likapasuka, na hakujua lilibeba nini.

Jumatatu akakaa kwenye kiti cha msindikizaji, kile cha plastiki karibu na ukuta, kikombe mkononi, mashavu yamemtuna. Mgonjwa wa kwanza alimuuliza muuguzi kama daktari ana jino bovu. Lakini Majibu hakusema. Siku nzima hakusema, na alitoka akijiona ameshinda.

"Dada," Polepole akamwambia wakifunga madirisha, "naomba nisikukosee."

"Sema tu, mdogo wangu."

"Nyusi zako zinaongea."

Ilikuwa kweli. Binti alikuwa akiuliza swali, kisha anatazama paji la uso la Majibu kama mtu anavyotazama saa ya ukutani. Nyusi zikipanda, aliacha njia ile. Zikitulia, aliendelea. Mgonjwa alikuwa mbele yake na hakumwona.

Kesho yake Majibu alikigeuza kiti. Akaketi nyuma ya binti, uso dirishani, mgongo kwa wote wawili. Nje palikuwa na shuka za wodi zilizoanikwa, zikijaa upepo na kuishiwa, zikijaa na kuishiwa. Maji yalipata joto mdomoni mwake hadi hakuyahisi tena. Na katika ule utulivu chumba kikaanza kumjia kwa sauti: kiti kinachokwaruza, pumzi, karatasi, mtu anayetafuta neno na kulikosa. Muda wote aliofanya kazi mle ndani hakuwahi kusikia watu wanavyotafuta maneno.

Siku ya mwisho ya wiki ile aliingia mwokaji mikate. Alimtambua kwa harufu ya unga. Alikuwa mgonjwa wake wa sukari wa muda mrefu, mtu wa utani.

"Leo daktari amenuna?" mwokaji akauliza.

"Anasikiliza, baba," Polepole akajibu. "Karibu uketi. Unaendeleaje?"

"Nachoka tu. Nashinda nimesimama kwenye tanuri, naoka mikate mitamu, halafu mnaniambia nisiionje. Nani asichoke?"

Binti alicheka. Akauliza juu ya dawa, kiu, macho, usingizi. Aliuliza taratibu na kungoja. Majibu, akitazama shuka, alikuwa anangoja sauti moja tu: kiatu kudondoka sakafuni. Mwenye sukari lazima avue viatu, miguu ikaguliwe.

Ndipo akakumbuka mara ya mwisho mwokaji alipokaa pale. Yeye mwenyewe alimuuliza, "Miguu haisumbui, eh?" na kabla mtu hajavuta pumzi, yeye mwenyewe akajibu, "Haisumbui, safi." Viatu havikuvuliwa.

Nyuma yake kalamu iliandika. Karatasi ikachanwa. "Haya, baba, dawa utachukua dirisha la pili."

Kiti kikakwaruza. Mwokaji alikuwa anasimama. Maji yakawa mazito kama jiwe mdomoni. Akajiambia: mpaka mkono wake ushike kitasa. Hapo nitameza. Shuka zikajaa upepo. Hatua moja, nyingine.

"Baba, samahani," sauti ya binti. "Kuna kitu nimesahau."

"Kitu gani, mwanangu?"

"Sijui bado. Nisubiri."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, na Majibu alikaa ndani yake kama ndani ya ndoto yake, povu likipanda, mikono yake ikiwa mapajani.

"Viatu," Polepole akasema. "Naomba uvue viatu."

Kimoja kikadondoka. Kisha cha pili.

"Hiki kidonda umekipata lini, baba?"

"Kidonda gani?"

Hakukuwa na utani tena katika sauti ya mwokaji.

"Dada," binti akaita, "njoo."

Majibu akameza. Alipiga magoti sakafuni karibu na binti. Kidonda kilikuwa chini ya kidole kidogo, chekundu pembeni, na mwenye mguu hakukihisi. Mkono wa Majibu ulikwenda wenyewe kuelekea ule mguu. Akaurudisha.

"Unaona nini?" akauliza. Akangoja jibu mpaka mwisho wake. Kisha akamgeukia mwokaji. "Baba, mara ile nilikuuliza juu ya miguu nikajijibu mwenyewe. Nisamehe."

"Ulikuwa na haraka, daktari," mwokaji akasema. "Na mimi pia."

Walikisafisha pamoja, binti akishika mkasi.

Baada ya mwokaji kwenda wodini kuanza dawa, Polepole alisimama mlangoni na simu mkononi.

"Nimempigia mzee. Nimemwambia sihami." Akachukua kikombe mezani, akakijaza bombani, akamkabidhi. "Shika, Dada. Kuna mama na mtoto wake wanasubiri."

Majibu alifungua mdomo kusema asante. Akaona bora achukue funda.