Firigisi ya Transit

Sisi tuliokulia Tunduma enzi malori yanaanza kujazana, Kiingereza tulikisoma ubavuni mwa malori kabla ya darasani. Mimi niliishia la saba, kwa hiyo nikikosea mnivumilie.

Kila Krismasi shangazi alivuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na binti yake Chanda. Kuku akichemka jikoni, nyumba nzima ikinukia vitunguu, Baba alifungua kamusi yake ya Kiingereza. Ilianzia herufi B. A ilishaliwa na panya, ndiyo maana maneno ya A yananipiga chenga hadi leo. Alitaja neno, sisi tukatoa maana kwa Kiingereza. Mshindi alikula firigisi, na firigisi ni ya mwenye nyumba, msione mchezo.

Chanda alinishinda kila mwaka. Nisimwonee, alijua kweli. Ila mdomo!

"Vipi, Mtanzania, ulimi umezuiwa forodhani?"

Mwaka mmoja tukafungana. Baba akasoma neno la mwisho: "Transit."

Neno hilo si lilikuwa kwenye malori mlangoni petu!

"Is to stand one place many days!" nikapiga kelele.

Sikubahatisha. Malori ya transit yalisimama pale siku nyingi, mpaka madereva wakafua na kuanika suruali kwenye vioo. Chanda, naye mtoto wa mpakani, akanywea: "Haya, amepata." Hata shangazi akaafiki.

Baba akasoma, akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Kamusi inasema ni kupita. Kupita, wanangu!" Firigisi akaila mwenyewe, polepole, akitutazama. "Kitabu kikisema, hata mimi nanyamaza."

Watoto wa siku hizi wanaiuliza simu, inajibu kabla mate hayajawajaa. Kwa haki, simu zao zina hata A. Lakini nani kati yao amewahi kulitamani neno kama nyama?

Juzi binti yangu alinisomea kwenye simu yake: transit, kupita. Nikamvuta dirishani. Lori lililofika Jumatatu bado lipo, suruali inapepea kiooni.

"Mama, kweli limeandikwa transit!"

Nikampigia Chanda. Akacheka hadi akakohoa. "Dada, ile firigisi tulidhulumiwa!"

Nami naona hivyo. Ningekata rufaa, ila hakimu wetu, Baba, alishapita, na yeye hakukaa foleni.