Mkono wa mjomba

Jamani, hamtaamini.

Leo baada ya misa hapa Matombo, yule askari wa Mdachi aliyemchapa mjomba viboko mpaka mkono wa kulia ukapooza, kaja kumpigia magoti. Eti kabatizwa, anaomba msamaha.

Ningekuwa mimi, ningemfukuza!

Mjomba akaomba maji kwenye kata. Kwetu huku mlimani, aliyesamehe kweli hujaza maji kinywani, akampulizia mwenzake.

Akampulizia usoni. "Yesu katusamehe sote. Sina kinyongo nawe."

Askari hakuinuka. Alikuwa ameikodolea macho ile kata.

Ndipo na sisi tukaona. Mjomba kaishika kwa mkono wa kulia.



Mjomba akautazama mkono wake, akainua kata taratibu, akanywa.