Kezia wa Abram, wa Jonas, wa Suki

Mama yangu alizikwa pembeni, karibu na ukuta, mahali maji ya mvua yanapojikusanya, na kwa miaka mitatu hapakuwa na jiwe wala kijiti juu yake. Hatua ishirini kutoka hapo lilisimama jiwe la ukoo wa Stanroyd, jeusi kwa moshi wa viwanda, lenye majina kumi na tisa. Nililipita kila Jumapili. Nilijua jina la mama lingekaa wapi, na nilijua nani alilizuia. Mjomba wangu Willis ndiye mshika funguo za kanisa letu na za lango la makaburi. Siku ya maziko, udongo ukiwa bado mikononi mwangu, alinijibu mbele za watu: "Jiwe ni la ukoo, Ada. Kezia alijitoa mwenyewe siku alipokuzaa wewe bila mume."

Huyo Kezia aliyejitoa alifanya kazi miaka arobaini na minne katika kiwanda cha vitambaa vya sufu, chini bondeni, kando ya mto. Kitambaa kilipotoka mtamboni kilitandazwa juu ya meza yake ya mteremko, chini ya dirisha, naye alikipitishia vidole polepole kama mtu anayemkanda mgonjwa. Alikuwa akitafuta uzi uliokosekana. Akiupata mwanya, alichukua sindano na uzi wa rangi ileile, akaupitisha juu ya uzi mmoja wa mtande, chini ya mwingine, hadi ukisimama na kutazama huwezi kusema kilikuwa kimekatika wapi. Hakujua kusoma. Aliweka alama ya msalaba kila alipotakiwa kutia sahihi. Lakini hakuna mwanya uliompita.

Mimi nilianza kiwandani nikiwa na miaka kumi na miwili, asubuhi kwenye mashine, mchana darasani nikisinzia juu ya ubao wangu. Nilichokijua cha maana nilifundishwa na yeye, na tulijifunza tukitembea.

Bondeni kwetu jina la ukoo halikutosha kumwita mtu. Stanroyd walikuwa wengi kama kondoo. Ukisimama langoni mwa kiwanda ukaita "Stanroyd!" nusu ya watu wangegeuka, na nusu iliyobaki walikuwa wake zao. Kwa hiyo tuliitana kwa waliotuzaa: Tom wa Bill wa Jack, Sara wa Ned wa Kilimani. Ilisemekana kwamba mgeni mmoja alibisha mlango akimuulizia John Stanroyd, mke wa huyohuyo John akamwambia hamjui mtu huyo, na kama ni mdai basi hamjui kabisa.

Watoto wenzangu nao walikuwa na majina yao, yote yamepitia kwa baba. Mimi nilikuwa Ada wa Kezia. Njiani, viatu vyetu vya mbao vikigonga mawe, walinizunguka.

"Ada wa Kezia wa nani?"

"Wa upepo!"

"Upepo wa kiwanda kipi?"

Nilirudi nyumbani nikilia. Mama alikuwa akikaanga majani ya porini tunayoyachuma kila masika na kuyapika na shayiri, na hakuacha kuyageuza.

"Wanakuuliza Kezia wa nani, nawe unalia? Kwani hukujua jibu?"

"Sijui, mama."

"Basi kosa ni langu. Jumapili tutapanda."

Tulipanda. Kutoka nyumbani kwetu hadi juu nyikani, penye gofu la shamba linaloitwa Stanroyd, njia inakata kuta sita za mawe, na kila ukuta una ngazi ya mawe ya kuuvukia. Kila ngazi mama alisimama na kutaja jina moja, nami nikalirudia kabla ya kuvuka. Kezia. Wa Abram. Wa Jonas. Wa Suki. Wa Joshua. Wa Matthew. Nikikosea ananirudisha chini. Hata leo, nikiyataja majina hayo, magoti yangu yanakumbuka ngazi.

Pale juu niliziangalia kuta. Nilizoea kuta za kwetu, ukuta wa kawaida mtu mzima anaukumbatia. Kuta za Stanroyd zilikuwa na unene wa mtu aliyelala na kujinyoosha, nyingine zaidi. Ndani yake kulikuwa na kishamba kidogo cha majani mabichi kabisa, na nje yake nyika ya kahawia bila mwisho.

"Kwa nini wamejenga nene hivi?" niliuliza.

"Hawakujenga. Walikuwa hawana pa kuyatupa mawe." Mama aliketi juu ya ukuta. "Yule wa kwanza alikuta hapa mawe matupu. Kila aking'oa moja analikuta jingine chini yake. Aliyapanga pembeni ili apate udongo wa kupanda shayiri. Wakati huo hakuwa Stanroyd wala nani. Alikuwa na jina lake moja, na hata hilo limepotea. Watu wa bondeni waliona kazi yake, wakaanza kumwita mtu wa pale palipong'olewa mawe. Kwa lugha ya zamani ya kwetu ndiyo Stanroyd."

"Lini hiyo?"

"Kabla ya kiwanda, kabla ya kanisa letu, kabla ya yeyote kuandika. Shika."

Akauweka mkono wangu juu ya jiwe. Lilikuwa baridi. Nikawaza kwamba mtu aliliinua hili kutoka ardhini akiwa na njaa, na kwa sababu ya njaa yake mimi naitwa ninavyoitwa. Sijawahi kuwaza jambo kubwa kuliko hilo, na nina miaka arobaini na saba.

Mama alikufa bila kutendewa haki na yeyote. Baba yake, Abram, alimwachia chumba kimoja kwa mdomo tu, na Willis, kaka yake, akasema mdomo si karatasi. Akamtoa. Sitaeleza zaidi, maana bonde zima linajua na bonde zima lilimsalimia Willis kanisani Jumapili iliyofuata.

Agosti ya mwaka uliopita alifika mzee kutoka Amerika anayeitwa Orrin Stanroyd. Babu yake, Luke wa Jonas, ndugu wa Abram, alipanda meli na mafundi wenzake wa sufu miaka tisini iliyopita, wakaenda kufanya huko kazi ileile waliyoifanya huku. Orrin alikuwa mrefu, sikio moja halisikii kwa kelele za mitambo. Willis alimwandalia chai katika ukumbi wa kanisa na kuwaalika Stanroyd wote. Mimi sikualikwa. Niliwekwa jikoni kukata mkate, kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi.

Orrin alifungua karatasi iliyofunika meza tatu. Nilitoka na birika nikaiona, nusura nimwage chai. Majina mia nne na kumi na mawili. Amerika, Kanada, Australia, na mmoja aliyezikwa chini ya mlima wa theluji ambao jina lake hakuna aliyeweza kulitamka. Wafumaji, wachunga kondoo, mwanamke mmoja daktari. Wote walikuwa wametawanyika kwa mistari kama nyuzi, na mistari yote ilirudi na kukutana kwa mtu mmoja: Jonas.

"Hapa ndipo ninapokwama," alisema Orrin kwa sauti kubwa, kama viziwi wafanyavyo. "Nimekaa wiki nzima na vitabu vya kanisa la parokia. Shambani Stanroyd alikuwapo Joshua. Alikuwa na wana watatu. Mmoja alizama mtoni, mmoja alikufa vitani, mmoja alikufa kwa ndui, na hakuna aliyeoa. Kwa karatasi, jina liliishia hapo. Nyumba ilifungwa. Basi huyu Jonas katoka wapi? Sisi wote hapa tumetoka wapi?"

Watu walicheka. "Tumeanguka kutoka mbinguni!" alisema mmoja. "Wewe labda uliangushwa," akajibiwa.

Willis alisimama na kukohoa. "Ndugu yangu, sisi wa kwetu tunalijua hilo kwa kichwa. Mimi ni Willis wa Abram wa Jonas." Akaketi.

"Na Jonas wa nani?"

"Wa... wa Stanroyd. Wa kule juu."

Nilimtazama mjomba. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Hapo nikatambua kwamba anajua. Abram alikuwa amewafundisha watoto wake wote wawili majina yaleyale, kwa ngazi zilezile. Willis aliukata uzi kwa makusudi, akaificha ncha.

Nilitua birika mezani.

"Jonas wa Suki," nilisema.

"Rudi jikoni, Ada," alisema Willis.

"Jonas wa Suki wa Joshua wa Matthew. Joshua alikuwa pia na binti."

Orrin aligeuza sikio lake zima. "Sema tena, bibi. Suki ni mwanamke?"

"Mwanamke. Na huyo Jonas hakuwa na baba wa kutajwa, kama mimi. Kaka zake Suki wote watatu walipokufa alibaki yeye na mimba yake. Hakumtaja mwanamume. Akampa mtoto jina la shamba."

Kisha Willis akasema, "Hayo ni maneno ya mtu mwenye haja nayo."

"Kweli ninayo haja," nikamjibu. "Na wewe ulikuwa na haja ya kunyamaza, mjomba."

Kesho yake Orrin alinichukua kwenda kanisa la parokia, lililo kongwe kuliko letu. Kasisi kijana alitoa kitabu cha miaka ile, kikubwa kama meza ya mtoto. Orrin alisema amekipekua mara mbili. Nikamuuliza kama alikipekua kutoka nyuma, kwa sababu mama aliwahi kuniambia, nami nilidhani ni uchungu tu, kwamba "sisi tumeandikwa kichwa chini." Kasisi alinitazama, akakigeuza kitabu juu chini na kukifungua kwa mwisho wake. Pale, katika kurasa nne za nyuma, kasisi fulani wa zamani alikuwa amewatenga watoto wote wasio na baba, ili wasichanganyike na wenzao. Karatasi ilikuwa safi. Haikuwa imeguswa sana.

Orrin alisoma kidogokidogo, kidole kikifuata mstari: Jonas, mwana wa Susanna, binti ya Joshua wa Stanroyd. Susanna ndiye Suki, kwa jina lake kamili. Pembeni palikuwa na neno moja la kumtusi, ambalo sitaliandika.

Mzee yule alikaa kwenye benchi. Alihesabu kwa midomo, akaacha. "Mia nne na kumi na mawili," alisema. "Msichana mmoja."

Mimi nilikuwa nimesimama na mkono juu ya ukurasa, kama nilivyoshika jiwe lile nikiwa mtoto. Msichana mmoja juu ya mlima, kaka zake wamekufa, watu wa bondeni wakimtemea mate, na katika mfuko wake hana kitu ila jina la mtu aliyeng'oa mawe. Angeweza kuliacha. Angempa mtoto jina jingine lolote, na leo Amerika yote isingekuwa na Stanroyd, wala Willis asingekuwa na ukoo wa kunifukuzia.

Jioni ileile tulikwenda kwa Willis. Orrin alibaki na kofia mkononi. "Ndugu Willis, nataka jina la Kezia liandikwe kwenye jiwe. Kama njia ya Suki si ukoo, basi mfute Abram, na wewe usilale hapo."

"Jiwe limejaa," alisema Willis. "Kakague. Hakuna nafasi ya mstari."

Tulikagua. Kwa hilo hakusema uongo: tangu nilipolipita mara ya mwisho alikuwa ameshachongesha jina lake mwenyewe chini ya Abram, tarehe ya kuzaliwa ipo, ya kufa bado. Nilicheka hadi nikashika ukuta.

"Basi mama asilale nao," nilimwambia Orrin. "Najua jiwe jingine."

Tulipanda hadi Stanroyd na fundi wa mawe na farasi wake. Niliwaonyesha ukuta mnene, nikachagua jiwe la chini kabisa pembeni, la safu ambayo lazima iliwekwa kwanza. Fundi alihofia ukuta ungeanguka. Haukutikisika hata kidogo. Aliniuliza achonge nini, nikamtajia, ngazi kwa ngazi, naye akachonga yote: Kezia wa Abram wa Jonas wa Suki wa Joshua wa Matthew wa Stanroyd.

Willis ilibidi atufungulie lango la makaburi, maana funguo ni zake. Alisimama kando akiwa amevua kofia. Wengine wanasema nimsamehe sasa. Wanaosema hivyo hawakutolewa chumbani mwao.

Jiwe lilipokwisha simama nilipiga magoti kwenye tope nikapitisha vidole juu ya herufi, polepole, kutoka jina la kwanza hadi la mwisho, kama alivyopitisha mama juu ya kitambaa. Sikukuta mwanya.