Nani Amesogeza Siti ya Gari la Mume Wangu?

Siti ya dereva ilikuwa imesogezwa mbele.

Najua utasema, sasa hicho nacho ni kisa? Subiri.

Mume wangu ni mrefu kama mlingoti wa taa. Akiingia kwenye lile gari lake la michezo anajikunja kama mwavuli, na siti lazima irudi nyuma mpaka mwisho. Siku hiyo nilifungua mlango nimchukulie miwani aliyoisahau. Nikakaa kidogo tu, magoti yakagonga chini ya usukani.

Mimi ni mfupi. Aliyekalia pale ni mfupi kuliko mimi.

Na mimi mwenyewe, mke wa ndoa, sikuwahi kuruhusiwa hata kuliwasha.

Niwaambie kwanza tunavyoishi. Mume wangu ni mpima ardhi. Mimi natengeneza meno ya bandia kwenye maabara ya daktari mmoja wa meno. Kutwa nasaga meno ya watu, nikirudi nyumbani nasaga ya kwangu kwa hasira.

Hasira yenyewe ilianza siku alipolileta lile gari.

Lilikuwa kuukuu, dogo, la kijani kilichopauka, limelala chini kiasi kwamba ukisimama kando yake paa linakufika kiunoni. Nikadhani ni kituko cha kupita. Wapi.

Kila jioni analipangusa kwa kitambaa laini nilichojinunulia mimi cha uso. Anainama, anasikiliza injini, anatabasamu peke yake. Mezani ndiyo usiseme.

"Usukani wake unaongea," ananiambia. "Tairi likikanyaga kijiwe, unakisikia kwenye kidole. Breki nazo zinakupa kile ulichoomba, hazizidishi, hazipunguzi. Na kwenye kona haliyumbi. Unaona kama umelivaa."

Siku moja nikamuuliza, "Na mimi je?"

"Wewe vipi?"

"Mara ya mwisho kunisifia ulisema nini?"

Akafikiri. Akafikiri tena.

"Juzi nilisema chai ni nzuri."

Chai yenyewe alikuwa ameipika yeye.

Jamani, kumwonea wivu mwanamke mwenzako kuna heshima yake. Lakini bati na mpira? Nilikuwa nalala nimempa mgongo, naliwaza lile gari kama mtu anavyomuwaza mke mwenza. Mwisho uzalendo ukanishinda, nikamwambia achague. Gari au mimi.

Hakujibu. Alitoka nje, akaenda kulitazama.

Sasa ndiyo muielewe ile siti. Gari lilikuwa linanitosha kwa maumivu, kumbe na mwanamke yumo.

Nikapapasa chini ya siti. Nikatoa viatu vya turubai, vya kike, vidogo. Soli ya cha kulia ilikuwa imelika kisiginoni, pale mguu unapoegemea ukikanyaga mafuta. Mwenye viatu vile hakuendesha mara moja tu.

Nikavirudisha.

Kazini nikamweleza rafiki yangu tunayekaa naye benchi moja.

"Labda ni fundi gereji," nikasema, najifariji.

"Fundi gereji gani anavaa viatu vya turubai vya kike?" akauliza bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Siti haijisogezi, shoga."

Siku hiyo nilipanga jino la mbele mahali pa gego. Mwenye meno yale angecheka, watoto wakimbie.

Jumamosi asubuhi mume wangu akanyoa ndevu. Akapiga mluzi. Akasema anakwenda kulinyoosha gari miguu kidogo.

Alipotoka tu, nikasimamisha teksi.

"Lifuate lile la kijani."

Dereva, mzee wa makamo, akalitazama linavyopotelea kwenye kona. "Lile hatulipati, dada."

"Anayeendesha ni mume wangu."

Akapunguza redio, kama mtu aliyeingia msibani. Tulipolipoteza kabisa akasema kwa upole, "Magari kama yale huwa yanakwenda kuchezea kwenye uwanja wa zamani wa ndege. Nikupeleke?"

"Nipeleke."

Uwanja wenyewe ulishafungwa siku nyingi. Lami imepasuka, majani yametoka kwenye nyufa. Tulifika hakuna kitu. Halafu sauti ikanifikia, nene, inapanda na kushuka bila kukwaruza, na gari likatokea nyuma ya jengo bovu la abiria.

Lilikuwa linaingia kona. Sijui magari, lakini nilijua naona kitu kinachofanywa vizuri. Halikupiga kelele, halikulalia upande. Lilipinda kama maji yanavyopinda.

Mwanamke ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Kitambaa kichwani, miwani myeusi.

Mume wangu alikuwa pembeni yake, amerudisha kichwa nyuma, anacheka.

Kicheko kile nakijua. Kilikuwa changu, miaka ile ya uchumba.

Nikatembea mpaka ukingo wa lami, nikasimama. Gari likaniona kwa mbali. Likapunguza mwendo, likaja kusimama mbele yangu taratibu, bila hata kuinamisha pua.

Mlango wa dereva ukafunguka. Kwanza ikatoka bakora. Kisha kiatu cha turubai.

Kisha mama mkwe.

Mama mkwe yuleyule ambaye tukienda zahanati namshika mkono, na kila ngazi anapumzika.

Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha mji mzima. Yote yakafutika.

"Mkwe," akasema, "funga mdomo, vumbi linaingia."

"Shikamoo mama," nikajikuta nimesema.

"Marahaba." Akaegemea gari, akavua miwani. "Usimtazame mwanangu hivyo. Mimi ndiye niliyemwomba."

Ndipo akanisimulia. Kabla hajaolewa alikuwa akishindana. Alikuwa na gari lake, dogo hivihivi, na wanaume walikuwa wakimkuta ameshafika na ameshakunywa soda.

"Baba mkwe wako, Mungu amrehemu, hakutaka hata kuliona. Akaniambia nichague. Nikamchagua yeye, na sijutii, alikuwa mume mzuri. Lakini hakuwahi hata siku moja kuniuliza nilichokiacha kilikuwaje." Akalipapasa paa. "Gari lenye mlio mzuri likipita nje, nilikuwa naacha kukoroga sufuria."

Sijui kama alijua niliyomwambia mwanawe. Mwanawe alikuwa anatazama lami.

"Kwa nini mlinificha?" nikauliza.

"Binti zangu wakijua watanifungia ndani. Na wewe mkwe wangu, nilikuonea haya. Hata siku niliyoliendesha mimi mpaka kuliegesha kwenu, nilingoja uwe kazini."

Nikamgeukia mume wangu. Hapo ndipo donge lenyewe lilipokuwa. "Mama unampa usukani. Mimi hata ufunguo nafichwa."

"Uliliita kopo lenye kelele," akasema.

"Niliita. Wewe ukanyamaza."

"Nilidhani hulitaki."

"Nilikuwa nataka unikaribishe."

Mama mkwe akaanza kupangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Hata hivyo leo ndiyo mwisho," mume wangu akasema polepole. "Kesho kuna mtu anakuja kulichukua. Ulisema nichague. Nilichagua siku ileile, nikawa natafuta mnunuzi tu. Leo nilimleta mama aliage."

Nilisimama pale nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Wiki zote zile nilidhani ukimya wake ndio jibu.

"Mwanangu, shuka huko," mama mkwe akamwambia. "Nipishe nikae hapo. Na wewe mkwe, zunguka ukae kwenye usukani. Huwezi kufukuza kitu ambacho hujakijua."

Nikaingia. Nikasogeza siti nyuma kidogo. Mume wangu akabaki nje ameshika bakora.

"Usilikabe," mama mkwe akasema. "Lishike kama unavyoshika mkono wa mtoto barabarani. Kasi isikubabaishe, kasi kila gari linayo. Gari zuri linakuambia linachotaka kufanya kabla halijafanya. Sikiliza kwa makalio, samahani kwa lugha, lakini hakuna sikio jingine la kusikilizia gari."

Nikaondoka. Mwanzo nilikuwa kama nabeba mayai. Halafu ikaja kona ya kwanza.

Kazini nikishika mashine ya kusagia, vidole vinaniambia jino limefika kabla jicho halijaona. Ule usukani ulikuwa hivyohivyo. Ufa wa lami ukapita kwenye viganja vyangu, mdogo, dhahiri. Nikagusa breki kidogo, likapungua kidogo. Nikapinda, likapinda palepale nilipotazama, na kiuno changu kikajua tairi za nyuma ziko wapi.

Nikacheka. Sikujua nacheka mpaka mama mkwe aliponitazama.

"Umeona?" akasema.

Nimeona, mama.

Nisiwadanganye kwamba wivu uliisha. Ulizidi. Nilizionea wivu Jumamosi zote walizokuja pale bila mimi, wananiacha nafua.

Tuliporudi, nikashusha kioo.

"Mpigie yule mtu wa kesho."

"Nimwambie nini?" mume wangu akauliza.

"Mwambie mke wako amekataa."

Akageuka upande kama mtu anayetafuta simu mfukoni. Simu alikuwa ameishika mkononi.

Siku hizi Jumamosi namwendesha mama mkwe, akichoka kuelekeza ananiendesha yeye. Mume wangu anabaki kwenye ukingo wa lami na mikoba yetu. Juzi tuliposhuka akauliza, amenuna kabisa, "Mnaongea nini humo ndani? Nawaona mnacheka tu."

Niliuona ule wivu. Mtamu, jamani. Nikamwacha augulie kidogo, ndipo nikamfungulia mlango.

Wenzangu, langu ni hili. Mtu wako akipenda kitu mpaka ukaumia, kabla hujamwambia achague, mwambie akufundishe.

Akikataa, hapo sasa una kesi.