Mpagazi wa Barafu Aliyekuja Flagey

Sikulewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo mnalonitupia kila nikifungua mdomo. Mbele yangu kulikuwa na chai ya maziwa, saa kumi jioni, Jumamosi, mkahawa wa pale uwanja wa Flagey, hapa Brussels, umejaa watu na watoto wao. Kama huamini kwamba marehemu anaweza kuvuta kiti akakaa na wewe mbele za watu, basi, nenda kafanye mambo yako. Mimi nilimwona. Elia naye alimwona. Tofauti ni kwamba mimi nakubali.

Elia ni rafiki yangu tangu tukiwa wapagazi Kilimanjaro, tunabeba mizigo ya watalii njia ya Machame. Tumekula ugali sufuria moja kwenye mahema yanayovuja. Mimi nikaja Brussels nikapata kazi ya kusukuma vitanda hospitalini, kule Jette. Yeye akaja kwa ndoa, kaoa Mbelgiji, dada mzuri, sina neno naye. Shida ni kaka yake. Huyo shemeji anapenda milima kuliko chakula, na alimwambia Elia mezani, familia nzima inasikia: twende Himalaya mwezi wa nne, chagua njia wewe, ila usichague ya wazee.

Basi Elia akatandaza karatasi tatu mezani. Ya kwanza Poon Hill, siku nne tano, unalala kwenye nyumba za wageni, hata mama yangu angefika. Ya pili bonde la Langtang, wiki moja hivi, jasho la kutosha. Ya tatu ni ile ya mapito matatu upande wa Everest, kila pito juu ya mita elfu tano, karibu siku ishirini. Kidole chake alikuwa keshakiweka kwenye ya tatu.

"Mangi, mimi nimezaliwa chini ya Kibo," akasema, maana Mangi ndivyo tunavyoitana sisi Wachagga. "Mtu wa Kibo achague ya watoto?"

"Kibo unapanda, unagusa, kesho yake uko Moshi unakula mtori," nikamwambia. "Kule unalala juu, unaamka juu. Na hilo begi umejaza mawe?"

Alikuwa amekuja nalo mgongoni, eti anajizoeza uzito.

Hapo ndipo jamaa mmoja akavuta kiti cha tatu. Koti kubwa la kuachiwa na mgeni, mkono umeshonwa kwa uzi wa bluu, kiatu cha kushoto na cha kulia si ndugu. Nikajua huyu ni mpagazi. Sisi tunajuana. Akasema, "Mangi, habari za huku," nami nikaitikia kama mjinga, nikidhani ni mtu wa nyumbani baridi imemshinda. Kisha akapitisha vidole viwili kwenye mkanda wa begi, akalinyanyua kidogo, vile tunavyofanya kabla ya kufika kwenye mizani ya geti la hifadhi.

"Kumi na tisa na robo," akasema.

Elia alilipima nyumbani asubuhi ile. Kilo kumi na tisa na robo. Niambie, na hiyo ni pombe?

Nikamwangalia Elia. Uso umekuwa wa majivu. Halafu yule jamaa akakohoa, na hapa nisikilize vizuri. Mlimani nimefanya miaka minne, kikohozi kile nakijua, kina maji ndani, cha mapafu yaliyoshindwa na urefu wa mlima. Akajifuta kwa kitambaa, kikatoka na povu la waridi. Akakikunja akakificha haraka. Kila mpagazi anaficha, kwa sababu kiongozi akikusikia anakushusha, na ukishushwa msimu mzima hupigiwi simu. Hata mimi nimewahi. Ndio ujinga wetu.

Akamwambia Elia, taratibu, bila ugomvi: "Usiku ule tulikohoa wawili." Akaweka kiganja kwenye karatasi ya tatu. "Wewe ulipona kwa sababu asubuhi ulishuka umenibeba. Huku utashuka na nani?"

Akainuka, akatoka, ukungu wa nje ukamla. Karatasi ilikuwa imelowa chapachapa. Chini ya kiti chake maji na changarawe nyeusi, ile ya Kibo. Dada wa mkahawa alikuja na dekio akituangalia vibaya kama sisi ndio tumeichafua sakafu.

Ndipo Elia akasema. Yule ni Josefu. Walilala hema moja kambi ya Barafu, ile ya mwisho kabla ya kilele, safari ambayo mimi sikuwepo. Kiongozi alipita na tochi akauliza nani anakohoa, Elia akajibu, ni mimi, nimepaliwa. Josefu alikuwa amemwomba. Asubuhi Josefu akawa wa baridi, Elia akashuka naye mgongoni. Na Elia mwenyewe kifua kilikuwa kinakoroma, kushuka ndiko kulikomwokoa, hakumwambia mtu. Hata mimi, miaka yote hiyo. Nilitaka kumpiga pale pale, haki ya Mungu.

Unadhani alibadilisha? Wiki iliyofuata akalipia ya tatu. Sasa anasema yule alikuwa chizi wa mtaani aliyebahatisha. Nilimweleza mke wake, kaka yake akiwepo, habari ya Josefu na ya kifua, Elia akaniangalia machoni akakana. Shemeji akacheka, akasema Waafrika na mizimu yenu.

Nikachukua pasipoti ya Elia kwenye koti lake. Ndiyo, mimi. Ndege ni kesho. Elia amepiga mlango wangu teke mpaka bawaba imelegea, amesema urafiki umekwisha. Shemeji anataja polisi. Pale Galerie d'Ixelles kwenye saluni zetu Waafrika wananiita mwizi, wengine wanasema nina wivu. Waseme. Tangu siku ile sijalala vizuri, nikifumba macho nasikia kile kikohozi, na sijui tena ni cha nani kati yao wawili.

We mwenye mtu wako anayepanda mlima, akikohoa hivyo usimfunike. Piga kelele, hata akuchukie mpaka kufa.

Haya, wewe unayeniita mwizi: ungekuwa nayo wewe hiyo pasipoti, ungempa?