Mchanga wa Mama Jirani

Juzi niliingia hoteli moja kumsubiri mtu, nikakuta akwariumu pale mapokezi, samaki wekundu wanazunguka ndani. Wengine hutazama samaki. Mimi niliinama nikachungulia chini: wameweka mchanga ama majiwe? Kijana wa hoteli akanikazia macho kama anatazama mwizi. Mwache anishuku, rafiki yangu, hata mimi nilikuwa namshuku yeye. Sisi tuliokulia Goma wakati wa Zaïre tulifundishwa kushuku hata hewa, maana kuna mazuku, ile hewa mbaya ya volkano inayolala mabondeni na kuua mbuzi bila kelele.

Papa alikuwa karani. Patroni wake muzungu alipofunga biashara na kurudi kwao, alimwachia akwariumu yake. Ilifika nyumbani juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kioo kimefungwa blanketi, samaki watatu ndani ya bidoni la maji. Mama alikuwa jikoni anakaanga sambaza, visamaki vya ziwani, mafuta yanalia. Akatoka, akachungulia bidoni.

"Wanaliwa?"

"Hawaliwi."

"Sasa wanafanya nini?"

Papa akaanza kufungua blanketi. Mama akarudi kwenye sambaza zake, na tangu siku hiyo akawa anapita saluni, ile sebule walimowekwa, upande-upande, asiwape mgongo wale samaki.

Hapo lazima nikuambie habari ya Mama Jirani. Alitoka upande wa Bukavu, sisi ni watu wa Masisi, na kati yetu palikuwa na ukuta mfupi wa majiwe ya lava tu. Mama alipougua baada ya kumzaa mdogo wangu, Mama Jirani ndiye aliyemnyonyesha. Sahani za sombe, yale majani ya muhogo, zilipita juu ya ule ukuta kila siku, zikienda na kurudi, hata sisi watoto hatukujua tena ipi ni ya nani.

Basi, akwariumu ilikuja tupu, haina kitu chini. Papa, na abakosti yake, ile koti ya serikali ya wakati ule, amefunga vifungo vyote, akatangaza kwamba samaki wa Zaïre watalala juu ya jiwe la Zaïre. Ee, siasa mpaka kwa samaki! Goma lava haina bei: nyumba ni lava, njia ni lava, hata mafiga. Tukapondaponda majiwe yaliyobaki ukuta ulipojengwa, tukayaosha kwenye beseni mpaka maji yakaacha kuwa ya kijivu. Vidole vyetu vilikatika, na hakuna aliyejiuliza kitu.

Mama Jirani alikuja kuangalia. Akasimama mbele ya kioo, mkono kiunoni.

"Papa, huyu samaki anaokota chini kama kuku. Hii jiwe itamukata kinywa. Muwekee muchanga ya ziwa, ni laini."

Kesho yake akaleta beseni la mchanga, ameuosha vizuri, ameufunika kitambaa. Mama akaupokea akicheka, "Aksanti sana, dada." Alipotoka tu, kicheko kikaisha. Kwa nini ameufunika? Kwao mama, mutu hakuingizii udongo nyumbani. Atakupa moto, chumvi, hata mutoto wa kulea, lakini udongo wa mwenzako ndio unaobeba mambo ya uchawi. Akaenda kuumwaga nyuma ya choo.

Samaki wa kwanza akaota kitu cheupe mdomoni, kama pamba. Siku chache, akaelea. Papa akashuku mazuku, akahamisha akwariumu juu ya kabati. Wa pili naye akaota pamba ileile. Mama hakushuku mazuku. "Muchanga nilimwaga, ndiyo, lakini ulikuwa umekwisha kupita mulango." Nasi watoto tukaanza kukumbuka mambo: kwamba Mama Jirani alikaa sana mbele ya kioo, kwamba aliwahesabu samaki kwa kidole. Ukishaanza kushuku, kumbukumbu zinakuja zenyewe kukusaidia.

Wa pili alipokufa, mama alikwenda kwenye ukuta na kusema yote kwa sauti, mtaa mzima ukisikia. "Leo ni samaki, kesho ni mutoto wangu!" Mama Jirani alikuwa anachambua maharage. Alimtazama mdogo wangu, yule aliyemnyonyesha, akainuka na lungo lake, akaingia ndani.

Halafu wa tatu akashindwa kufunga kinywa. Akabaki ameachama, hali, hatemi. Papa akamshika na kitambaa chenye maji, akachokoa polepole kwa pini ya nywele ya mama, na jiwe likamdondokea kiganjani. Jiwe jeusi, letu, kubwa kama punje ya hindi, lenye ncha mbili. Mama alilichukua, akalipitisha juu ya midomo yake mwenyewe, likamkwaruza. Akakaa chini.

Alipika sombe siku hiyo, yenye mawese na samaki mukavu, akazunguka barabarani kupita mlango wa mbele, mimi nyuma yake. "Dada, nimekukosea. Ni majiwe yetu." Mama Jirani akalia, wakashikana. "Imekwisha, dada, imekwisha." Akapokea sahani kwa mikono miwili. Nilifurahi, usiniulize, nilirudi nyumbani nikirukaruka!

Jioni tulikuwa tunaanua nguo. Ng'ambo ya ukuta, Mama Jirani alitoka na ile sahani, imejaa bado. Akaimwaga kwenye shimo la takataka. Akaisugua kwa majivu, akaisuuza, akaisugua tena. Nikamtazama mama nikidhani atapiga kelele.

"Hata mimi nisingekula," akasema, akaendelea kukunja shuka.

Leo parseli zote mbili, kiwanja chetu na chake, ziko chini ya lava ya volkano, ukuta hauonekani ulipokuwa. Wanawake wale hawakugombana tena hata siku moja. Mpaka Mama Jirani aliporudi Bukavu walikuwa wakisalimiana kila asubuhi, wakiulizana habari za watoto, kwa adabu kabisa, kama wageni.